Anayepoteza Pointi Ndiye Anayefuta Alama

Kocha aliyeshika nafasi yangu chuoni, kijana anayeitwa Mwadime, aliniomba nimwandikie karatasi ya makabidhiano: funguo ziko wapi, nyavu ni ngapi, rola inafungwa kwa mnyororo upi. Karatasi hiyo nilimpa, ilikuwa nusu ukurasa. Haya mengine yanatoka kwa sababu nimestaafu, sina tena wa kumpigia kelele, na hapa Voi jua likishapanda hakuna mtu mwenye akili anayetoka nje kabla ya saa kumi. Nimeketi barazani na kalamu. Vyeo sitavitaja, nilipata kimoja, na sikukisikia hata kikibisha hodi. Lakini kuna alama moja ya mpira niliyoifuta vibaya mbele ya watu, nikaibeba kwa miaka mingi, na sikutaka kufunga kazi nikiwa nayo. Hiyo nitaifikia.

Nilizaliwa milimani, upande wa Wundanyi, ambako mpira ukikuponyoka unaufuata mpaka bondeni. Pahali kama hapo tenisi haichezwi. Niliijua niliposhuka Voi kukaa na shangazi yangu, aliyekuwa ameolewa na fundi wa reli. Nyuma ya nyumba za reli kulikuwa na kiwanja kimoja, na mwenye kiwanja, kwa jasho si kwa hati, alikuwa Mzee Wafula. Mzee huyu alitoka magharibi ya Kenya akiwa kijana, akawa gadi wa treni, na alipostaafu akakataa kurudi kwao kwa sababu, alisema, nani atamwagilia kiwanja.

Siku ya kwanza nilimwomba raketi, akanipa fagio. Wiki nzima ikawa fagio. Wiki ya pili nilidhani nimepanda daraja, maana aliniita kwa jina, kumbe alikuwa ananiitia chekeche.

Kiwanja chenyewe hakikuwa cha saruji wala cha nyasi. Kilikuwa cha udongo wa kichuguu. Unatafuta kichuguu ambacho mchwa wamekihama, unakivunja kwa jembe, unaponda udongo wake, unauchekecha, unautandaza, unaumwagilia maji, kisha unavuta rola ya chuma mpaka mgongo ukuulize umeukosea nini. Mchwa wameshaukanda udongo ule kwa mate yao, kwa hiyo ukikauka unashika vizuri kama sakafu ya nyumba, ila juu unabaki na vumbi jembamba jekundu. Vumbi hilo ndilo utajiri wenyewe. Mpira ukianguka unaacha alama, duara dogo lililovutika kidogo kuelekea ulikokuwa unakwenda. Kwenye saruji watu hubishana. Kwenye kichuguu watu huenda wakaangalia.

Na kuangalia kulikuwa na utaratibu wake. Mpira ukileta ubishi, wachezaji wote wawili wanaenda pale ulipoangukia. Kwanza mnafuta kwa mguu alama za zamani zilizo karibu, ibaki ile mpya peke yake, macho yasichanganyikiwe. Mnainama, mnakubaliana kama ni ndani au nje. Halafu anayepoteza pointi ndiye anayeifuta ile alama, kwa mguu wake mwenyewe. Nilimuuliza mzee kwa nini asifute mshindi, ambaye ana furaha na nguvu zaidi.

“Akifuta yeye, wewe utaenda nayo nyumbani,” akaniambia. “Futa mwenyewe, iishe.”

Maisha yangu ya kucheza yanaenea kwenye aya moja. Timu ya wanawake wa reli ilikuwa mimi na muuguzi mmoja, na tulipelekwa Mombasa kucheza. Kule nikakutana na kiwanja cha saruji kwa mara ya kwanza. Sisi wa kichuguu tumezoea kuteleza: unakimbilia mpira, na hatua ya mwisho unaimalizia kwa kuserereka juu ya vumbi. Nilikimbilia mpira wa kwanza, nikajaribu kuserereka. Kiatu kilibaki, mimi nikaendelea. Mechi iliyosalia niliicheza na magoti yaliyochunika, nikamalizwa na mama wa rika la shangazi yangu, ambaye nadhani mchana mzima hakutembea hatua ishirini. Baadaye nilishinda mechi kadhaa, lakini hizo hazikunifundisha kitu.

Chuoni niliajiriwa kama mtunza stoo. Mwalimu wa michezo alipohamishwa, mkuu wa chuo alikuja stoo akauliza nani anajua kucheza kile kitu chenye wavu mfupi. Mwenye ufunguo wa raketi nilikuwa mimi, na mwenye kujua nilikuwa mimi, basi kikao kikafungwa. Siku ya kwanza walikuja wanafunzi kumi na mmoja. Raketi zilikuwa nne, na moja ilikuwa na tundu ambalo mpira ungepita bila kuomba njia. Niliwauliza kilichowaleta kwenye tenisi. Mmoja aliyekuwa mkweli akasema wamesikia wachezaji wanapewa yai la ziada wakati wa chakula cha mchana. Wengine wakamtazama kama aliyetoa siri ya ukoo.

Kiwanja hakikuwepo, kwa hiyo tulikijenga nyuma ya jikoni, na Mzee Wafula alikuja kila Jumamosi kutuambia tunakosea wapi. Tulivunja vichuguu viwili. Maji ya Voi mnayajua, leo yapo kesho hayapo, basi nikapatana na mpishi mkuu anipe maji ya kuoshea sahani. Vumbi lilitulia vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba maji yale yalikuja na punje za maharagwe, maharagwe yakaleta sisimizi, na asubuhi moja tukawakuta kanga wa porini wamepanga foleni kwenye mstari wa kati. Tangu siku hiyo nilichuja maji kwa gunia. Mwadime, gunia lile liko nyuma ya mlango, usilitupe. Ndovu naye alipita mara moja, usiku alijiingilia tu na asubuhi tukasoma habari zake chini. Alama zake hazikuhitaji kubishaniwa.

Kufagia tulifagia kwa zulia la kamba za mkonge, alilotufumia mzee mmoja wa shamba la mkonge kutokana na nyuzi zilizokataliwa. Unalivuta ukianzia ukingoni, unazunguka ukija katikati, hadi unabaki umesimama peke yako juu ya kiwanja kisicho na hata unyayo. Mistari tuliichora kwa chokaa, kwa uzi na kopo lililotobolewa. Mwanafunzi aliyeniuliza lini tutaanza tenisi yenyewe nilimwambia ameshaianza. Nilikuwa nimekuwa Mzee Wafula bila kujua.

Wako walionitoa jasho. Mmoja wa idara ya umeme alipiga kila mpira kwa nguvu zake zote. Alivunja kioo cha jikoni, cha maabara na cha gari la mkuu wa chuo, kwa mpangilio huo, tena ndani ya muhula mmoja. Nilimwambia avute rola kila asubuhi mwezi mzima kabla ya kugusa raketi. Akapoa. Siku hizi ni mchungaji, na nasikia hata mahubiri yake ni ya taratibu.

Halafu akaja Malemba.

Alitoka Kasigau, na alichelewa kufungua muhula kwa wiki moja kwa sababu barabara ya kwao ilikuwa imekatika. Alikuwa mwembamba, mkimya, amevaa viatu vya kaka yake. Wazazi wake walilima mahindi chini ya Mlima Kasigau, na ndovu walivuna zaidi yao. Kazi ya Malemba tangu utotoni ilikuwa kuwafukuza nyani shambani kwa mawe ya kombeo. Siku ya kwanza nilimpa mpira nikamwambia arushe tu, nione mkono. Ulipita juu ya paa la jikoni. Mpishi mkuu alitoka nje kuangalia ni vita gani. Nikamwambia Malemba afanye hivyo hivyo, ila sasa raketi iwe mkononi, na mpira ukae ndani ya kile kisanduku cha chokaa pale ng'ambo ya wavu. Ilimchukua mwaka mzima kukubali habari za kisanduku. Baada ya hapo, mpira wake wa kuanzisha ulikuwa unawafikia watu kabla hawajaamua wasimame wapi.

Nilimpenda yule mtoto, na nasema hivyo wazi maana kocha akisema hana kipenzi anadanganya. Alifagia vizuri kuliko wote, akilalamika muda wote. Alitaka kitu kimoja: kwenda chuo kikuu Nairobi asomee ualimu wa michezo. Mwaka wake wa pili bahati ikagonga. Chuo kikuu kimoja cha Nairobi kilisema kitampokea na kumsomesha msichana atakayeshinda mashindano ya vyuo vya Pwani. Mashindano yenyewe mwaka huo yalikuwa kwetu, juu ya kichuguu chetu.

Malemba alifika fainali bila kupoteza seti. Baba yake alikuja kutoka Kasigau, akiacha mahindi yamekomaa katika wiki ambayo hakuna mkulima wa kule anayeliacha shamba. Aliketi kwenye benchi la jikoni, kofia magotini. Mpinzani alikuwa msichana wa Mombasa, hodari na mwenye adabu. Mwamuzi ndiye hakufika. Gari lake liliharibika njiani. Tukajadiliana, na kocha wa Mombasa mwenyewe akasema nikae mimi kwenye kiti cha mwamuzi. “Madam Wakesho tunamjua,” akawaambia wenzake. Nilifurahi kusikia hivyo. Laiti angesema hanijui.

Walipata seti moja moja. Ya tatu ikaenda mpaka msichana wa Mombasa akawa mbele gemu tano kwa nne, anahitaji pointi moja tu. Wakapigiana mipira sijui mingapi. Mwishowe Malemba akapiga mmoja mrefu, ukaangukia kona ya nyuma kabisa, na mwenzake akainua kidole kuonyesha nje. Malemba akasema ni ndani, bila kupandisha sauti. Mpira huo ukiwa ndani, mechi inaendelea. Ukiwa nje, imekwisha. Nikashuka kwenye kiti.

Pale konani kulikuwa na alama tatu zilizokaribiana. Wasichana wale walikuwa bado wanakuja, wamechoka. Mimi nikafanya nilichokuwa nimekifanya maelfu ya siku, mguu wangu ukiwa umeshajua njia peke yake: nikafuta za zamani ili ibaki mpya. Nikafuta moja, nikafuta ya pili. Kisha nikainama kuangalia iliyobaki.

Iliyobaki ilikuwa nje ya mstari kwa upana wa kidole. Lakini kingo zake zilikuwa zimeanza kumomonyoka, na vumbi lililokuwa ndani yake lilikuwa limekauka. Alama mpya ina kingo kali, kitu hicho nawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nikatazama kiatu changu. Ncha yake ilikuwa na chokaa. Ile alama ya pili niliyoifuta ilikuwa imekalia mstari, na nilikuwa nimeichukua na mguu wangu.

Kulikuwa na neno moja tu la kusema, na sheria iliniruhusu: nimefuta alama yenyewe kwa makosa, rudieni pointi. Nililijua neno hilo. Lilikuwa mdomoni. Lakini niliwaona watu wote wa Mombasa wakinitazama, nikasikia watakavyosema, kwamba kocha ameshuka akamfutia mwanafunzi wake alama. Nikaogopa kuambiwa nimempendelea Malemba, nikamdhulumu. Nikaonyesha kidole ile alama iliyobaki, nikasema, “Nje.”

Malemba alikuja akaiangalia. Akaangalia kiatu changu. Kisha kwa mguu wake mwenyewe akaifuta ile alama ambayo haikuwa yake, vizuri, kama tulivyomfundisha, akaenda kwenye wavu kumpa mwenzake mkono. Baba yake alivaa kofia, akanijia, akanishukuru kwa kumtunzia mtoto. Nilimwitikia. Nilikwenda nyuma ya stoo nikakipangusa kiatu kwa jani kabla mtu hajakiona.

Jumamosi nilikwenda kumwona Mzee Wafula, ambaye miguu ilikuwa imemkataa na hakuja kutazama, akaniuliza matokeo. Nikamwambia Malemba ameshindwa kwa mpira wa nje. Akauliza kama alifuta. Nikasema alifuta.

“Basi imekwisha,” akasema.

Nilikuwa nimeketi karibu naye kiasi cha kumshika mkono, na sikumwambia. Alifariki mwaka uliofuata akijua kwamba kiwanja chake hakikuwahi kumwonea mtu.

Malemba alimaliza masomo, akapata kazi ya ualimu shule moja huko Njukini, karibu na Taveta. Wengine niliowafundisha walinipigia simu Krismasi na Pasaka, hata yule wa vioo. Yeye hakupiga, na sikumlaumu. Mimi niliendelea na kazi, nikashinda vikombe fulani, mkivihitaji viko kabati la juu, kimoja kina kiota cha mijusi. Lakini kila muhula nilipofika kwenye somo la nani anafuta alama, nililipitia haraka haraka, na wanafunzi wakadhani ni somo dogo.

Kwenye sherehe ya kuniaga walinipa blanketi na saa ya ukutani, wakijua vizuri kwamba sina tena mahali pa kuwahi. Kisha Mwadime akaniuliza, kwa heshima zake zote, “Madam, kuna kitu kingine chochote napaswa kujua?” Nikasema hakuna. Nilirudi nyumbani nikatazama ile saa mpya mpaka ikanichosha, na Jumatatu iliyofuata nikashika gari la Taveta.

Shule haikunisumbua kuipata. Nje ya uzio, katikati ya mashamba ya mahindi na maharagwe, niliona wanafunzi wawili wakivuta zulia la mkonge juu ya ardhi nyekundu, wakianzia ukingoni, wakizunguka kuja katikati. Udongo niliujua kabla sijaugusa. Malemba alikuwa kando yao na kopo la chokaa, amenenepa kidogo, sauti imekua. Aliponiona alisimama.

“Madam,” akasema. “Karibu. Umekuja kukagua?”

Nilikuwa nimepanga kunywa chai kwanza, niulize habari za watoto, nitafute njia ya kuingilia. Nikaona nikinywa chai yake kwanza nitashindwa. Nikamwambia pale pale, nikiwa nimesimama na mkoba begani: nilifuta alama yako, ilikuwa kwenye mstari, nilijua kabla sijatamka neno, nikasema nje kwa kuogopa maneno ya watu.

Aliendelea kulitikisa kopo kidogo, kama anayepima chokaa iliyobaki.

“Najua,” akasema. “Nilikiona kiatu.”

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza angesema nini, na nani, wakati mwenye kuangalia alama nilikuwa mimi. Kisha akaniambia mengine kwa utulivu ulioniumiza kuliko kelele. Miaka miwili hakushika raketi. Akipita penye kiwanja alitazama upande mwingine. Baba yake, mzima wa afya mpaka leo, kila akienda nyumbani humwambia kwamba siku ile angepiga taratibu kidogo tu, sasa angekuwa Nairobi.

“Nilikungoja uje useme,” akaniambia. “Nikachoka kungoja, nikajenga kiwanja.”

Nikamwomba msamaha. Alichukua mpira kwenye ndoo, akaenda kwenye kona ya nyuma, akaupiga chini kwa raketi mara moja, kwa mkono ule ule wa mawe ya kombeo. Mpira ukaruka ukaenda zake kwenye mahindi.

“Njoo uangalie,” akasema.

Nikaenda. Kulikuwa na alama nyingine mbili tatu za zamani hapo karibu, zulia lilikuwa halijafika. Sikuzigusa hata moja. Nikainama, magoti yakilia, nikaitafuta ile mpya, yenye kingo kali. Nusu yake ilikuwa kwenye udongo, nusu kwenye chokaa. Nilichukua muda wangu wote.

“Ndani,” nikasema.

Malemba alikunja mikono akaendelea kusimama. Wale wanafunzi nao walikuwa wameacha kuvuta zulia, wanatutazama. Ilinichukua muda, mimi mwenye somo, kukumbuka kilichobaki na nani anapaswa kukifanya. Nikaifuta kwa mguu wangu, taratibu, mpaka pakawa sawa.

“Sasa twende chai,” akasema, akanitua mkoba begani akaubeba yeye.

Tulikunywa chai mpaka saa tisa, na atakuja Voi mwezi ujao na timu yake. Mwadime, wafagilieni kiwanja. Jioni nikiwa njiani kurudi niliangalia chini nikaona ncha ya kiatu ina chokaa. Sikuipangusa. Nilishuka Voi nayo hivyo hivyo, nikapita nayo katikati ya soko, na mama mmoja wa nyanya aliyenifahamu akaniambia, “Mwalimu, kiatu chako kimechafuka.”

Nikamwambia najua.